MP-133 ndani ya Escape from Tarkov: achana na kifua, piga miguu

Mkuu uliyeuliza kama MP-133, bunduki ya marisau ya pampu kwenye mchezo wa kompyuta wa Escape from Tarkov, inaweza kumshusha pleya aliyevaa deraya ya daraja la 4 au 5: inaweza, tena kwa katriji mbili. Unafyatua tano halafu anageuka na kukumaliza kwa sababu unampiga kifuani.

Twende kwenye hesabu ya mwili. PMC (mpiganaji anayeendeshwa na pleya) akiwa mzima ana uhai wa 440: kichwa 35, kifua 85, tumbo 70, kila mkono 60, kila mguu 65. Anakufa pale kichwa au kifua kinapofika sifuri. Katriji ya kawaida ya marisau ya milimita 7 ina chembe 8, kila chembe ina madhara ya 39, ila nguvu yake ya kupenya ni 3 tu, haitoboi deraya hizo. Tangu toleo la 0.14 la Desemba 2023 deraya zimegawanywa kuwa vibao vigumu na kitambaa laini, na wapo wanaoamini marisau yatapenyeza pembeni ya kibao. Usitegemee hilo, kitambaa nacho kinayameza.

Miguuni hakuna deraya kabisa, na hapo ndipo pa kupiga. Mguu ukishafika sifuri, madhara yanayoendelea kuingia hayapotei. Yanagawanywa kwenye viungo vilivyobaki, kichwa na kifua vikiwemo. Kwa mguu yanagawanywa yote bila kupunguzwa, lakini kwa mkono yanazidishwa kwa 0.7 kwanza, kwa hiyo kupiga mikono ni hasara. Maana yake, kumuua mtu mzima kwa kumpiga miguu tu unahitaji kama 440. Chembe 12 za milimita 7 zinafika hapo. Katriji mbili zina chembe 16, kwa hiyo una ruhusa ya kukosa 4. Ukitumia Magnum ya milimita 8.5, chembe ni 8 za madhara 50, zinatosha 9 na unaweza kukosa 7. Faida ya Magnum ndiyo hiyo, inasamehe makosa. Ina teke kubwa zaidi na inatawanya zaidi, kwa hiyo ni ya karibu sana.

Angalia pia kwamba hakuna kati ya hizo inayomuua mtu mwenye uhai kamili kwa mlio mmoja: 312 na 400, zote ziko chini ya 440. Zoesha kidole kupiga mbili mfululizo. Anayepiga moja na kusimama kutazama matokeo ndiye anayekufa.

Express ya milimita 6.5 inawavutia wengi kwa kuwa ina chembe 9. Mimi siipendi. Kila chembe ina madhara ya 35, sawasawa na uhai wa kichwa, na chembe ikisafiri hupoteza nguvu. Ukimpata mtu usoni kwa chembe moja, umbali kidogo tu unatosha kumwacha hai. Ile ya milimita 7 ina ziada ya 4, na chembe moja kwenye uso usiokingwa inamaliza kazi. Kwa Scav (mporaji wa kwenye ramani) asiye na deraya chembe tatu kifuani zinatosha, usihangaike na miguu yake. Namba hizi Battlestate Games, watengenezaji wa mchezo, huzibadilisha, kwa hiyo baada ya kila toleo jipya rudia hesabu.

Kulenga: weka alama usawa wa magoti kabla hujafika kwenye kona. Ukibeba bunduki usawa wa kifua kisha uanze kuishusha mtu akitokea, umeshachelewa. Ngazi ni rafiki yako ukiwa chini, maana anayeshuka miguu yake inatangulia kuonekana kabla yeye hajakuona. Ukiwa juu ni kinyume, miguu inafichwa na kiwiliwili chake, basi subiri afike sakafuni. Aliyechuchumaa mlenge mapajani. Aliyelala kifudifudi akikutazama, uso. Zaidi ya mita 15 acha, chembe zinapita pande zote mbili za mguu.

Hii inakuambia uende ramani zipi: zenye mapigano ya karibu. Factory, mabweni ya Customs, ndani ya jengo la ULTRA kule Interchange. Hata Killa, bosi wa Interchange, na deraya zake zote, miguu yake iko wazi, ila uhai wake ni mkubwa kuliko wa PMC na mbili hazitoshi. Woods, ramani ya msituni, usiende nayo.

Kujaza ndiko kunakoua watu wengi. MP-133 ya kawaida inabeba 6 kwenye mrija na 1 chemba, na katriji zinaingia moja moja. Usisubiri iishe. Ukipiga mbili, rudi nyuma ya ukuta, sukuma mbili, endelea. Adui akitokea katikati bofya kufyatua na kujaza kutakatika. Katriji ziwe kwenye mifuko au fulana ya risasi, zile za kwenye begi la mgongoni hazijazwi wakati wa vita. Nafasi moja inabeba 20, hivyo nafasi mbili zinatosha raidi (mzunguko mmoja wa mchezo) nzima. Ukipoteza hesabu, bofya Alt+T kukagua zilizobaki.

Ukimjeruhi akakimbilia chumbani, sikiliza. Akigugumia kwa maumivu hajameza dawa, na mguu uliokufa haumruhusu kukimbia. Mfuate hapo hapo. Akiwa kimya, chukulia kwamba amemeza na anaweza kukimbia kama kawaida. Na kama pingi yako (ucheleweshaji wa mtandao) ni kubwa, usimsubiri kwenye kona, anayetokea anakuona kwanza. Tokea wewe.

Vaa vipokea sauti hata vya bei ya chini kama GSSh-01, chukua dawa ya maumivu, AI-2 (kisanduku kidogo cha kurudisha uhai) na bendeji, kwa kuwa AI-2 haizuii damu. Begi usiliache: ukimshusha mwenye bunduki nzuri, chukua yake, kagua magazini, na MP-133 itupe kichakani au kwenye kona yenye giza. Ikatie bima ya Prapor, mfanyabiashara wa ndani ya mchezo, kabla ya kuingia, ni nafuu kuliko ya mwenzake Therapist; bima hurudisha kitu ambacho hakuna aliyekichukua, na bunduki hii watu huipita tu. Mara nyingi inakurudia.