Mimba kabla ya hedhi kurudi
Mama anayenyonyesha, ambaye hajaona hedhi tangu ajifungue miezi minne iliyopita, anaweza kushika mimba, kwa kuwa yai hutoka takriban wiki 2 kabla ya hedhi yenyewe. Hata hivyo, iwapo mtoto hajatimiza miezi 6 na ananyonya maziwa ya mama pekee, usiku na mchana, uwezekano huo huwa chini ya asilimia 2, kwa sababu kunyonya mara kwa mara hutuliza homoni zinazopevusha mayai. Mtoto akianza kulala usiku kucha bila kunyonya, jambo ambalo wazazi wengi hulishangilia, kinga hiyo hupungua. Asiyenyonyesha kabisa anaweza kupevusha yai hata kabla ya wiki 6 tangu ajifungue, kwa hiyo asisubiri hedhi ndipo atafute njia ya uzazi wa mpango.