Chipko haikuanzishwa na wasomi wa mjini

Hapana ndugu, unaposema Chipko, ile harakati ya India ya kuzuia miti isikatwe, ilikuwa mambo ya wasomi wa mjini wanaopenda miti, umeipindua stori kabisa. Ilianzia vijijini huko Chamoli, milima ya Himalaya, 1973, na chanzo ni riziki tu, wanakijiji waliomba miti michache ya kutengenezea plau na nira wakanyimwa na idara ya misitu, alafu miti ileile ikapewa kampuni ya vifaa vya michezo ikachonge raketi za tenisi, sasa hapo nani asingekasirika? Na tayari 1970 mto Alaknanda ulikuwa umefurika vibaya, watu wakaanza kuunganisha mafuriko na milima iliyokatwa miti.

Tukio lenyewe kubwa ni la kijiji cha Reni, Machi 1974. Wanaume wameitwa Chamoli mjini eti wakachukue fidia ya mashamba (janja ya nyani hiyo), huku nyuma wakataji wanapanda msituni. Gaura Devi, mjane ambaye shule hakusoma, akakusanya wanawake wenzake wakaenda kusimama kati ya mashoka na miti mpaka jamaa wakarudi walikotoka.

1980 waziri mkuu Indira Gandhi akapiga marufuku ukataji wa miti mibichi kwa miaka 15 kule juu milimani. Hapo ndo pana utata lakini, maana marufuku iliwabana hata wanakijiji wenyewe waliotaka kuutumia msitu wao, na hilo wanaoisifia Chipko huwa hawaligusi.