Mtaro wa zamani msituni: anza kuufukua mwishoni

Wanaoanza kazi hii hukimbilia pale maji yalipotuama, kwa kuwa ndipo penye kero. Anza mwisho wa mtaro, pale unapomwagia maji yake kijitoni, kisha panda nao kuelekea juu taratibu. Ukifungua juu huku chini kumeziba, umelihamisha dimbwi tu, na utakuwa ukichimba ndani ya maji usione unachokichimba. Ukianzia chini, kila kipande unachomaliza hupitisha maji ya kile kinachofuata, na kesho yake unakuta tope limepungua uzito.

Lakini kwanza tembea bila jembe, mvua ikinyesha au ikiwa imekatika punde. Mtaro uliotelekezwa hauonekani kama mtaro. Ni bonde jembamba lililojaa majani yaliyooza, na kando yake kuna tuta dogo lililonyooka, ambalo ni udongo uliotolewa na wachimbaji wa kwanza. Msitu hauna kawaida ya kunyoosha mistari, kwa hiyo ukiona unyoofu, ufuate na upige vigingi. Tazama pia maji yanaelekea kwa nani. Jirani wa chini aambiwe mapema, na kama sheria inadai kibali, kitafutwe kabla ya kazi. Halafu, si lazima kila mtaro ufunguliwe. Pembe yenye vyura na miti iliyozoea unyevu mimi huiacha kama ilivyo, hata kama mwenye msitu ananung'unika.

Suala la kina ndilo linaloharibu mitaro mingi. Kata tope kwa beleshi ukikatiza mtaro, upate ukuta mmoja wima, uutazame vizuri. Juu kuna majani meusi yanayomeguka, chini yake tope la kijivu lenye harufu ya yai bovu, halafu ghafla udongo mgumu wenye rangi ileile ya ardhi ya pembeni. Beleshi likifika hapo hugoma. Nawe simama hapo, maana hiyo ndiyo sakafu ya zamani. Ukiipita, kingo zinakosa pa kuegemea na maji yanalala kwenye shimo lako badala ya kwenda. Kingo nazo zilale, zisisimame wima: udongo wa mfinyanzi huvumilia mlalo wa nusu pembe mraba, yaani digrii 45, wa kichanga unataka ulale zaidi. Mteremko wa sakafu wa mita 1 kwa kila mita 100 unatosha. Ukiwa mkali sana maji huanza kula sakafu, na hapo panga mawe au magogo ya kukatiza ili kuyapunguza kasi.

Mizizi myembamba kata. Ile minene iache hata ikikatiza njia, pitisha maji chini yake, kwani ndiyo inayoushikilia mti, na mara nyingi ndiyo inayoushikilia ukingo pia.

Tope usilirundike ukingoni. Mvua ya kwanza italirudisha, na uzito wake utausukuma ukingo ndani. Litupe hatua moja au mbili nje, ulitandaze, na uache mapengo ili maji ya juu ya ardhi yapate pa kuingilia mtaroni. Lisiguse mashina, maana gome lililofunikwa huoza.

Kwenye kalvati lililoziba, yaani bomba la kupitisha maji chini ya njia, usifanye haraka. Punguza kwanza maji yaliyojikusanya upande wa juu, kisha chokoa kwa mti mrefu ukiwa umesimama pembeni, kamwe usiwe mbele ya mdomo. Kizibo kikiachia, maji hutoka kwa kishindo pamoja na vijiti vyote. Mkono usiuingize, na mtu asitambae ndani. Kazi hii isifanywe na mtu mmoja peke yake. Hatua chache juu ya kalvati chimba shimo pana kuliko mtaro. Hapo ndipo pekee ninaporuhusu kuipita sakafu ya zamani, kwa sababu maji yakipungua kasi humo huangusha mchanga, nawe unauzoa mahali pamoja badala ya kuufuata ndani ya bomba.

Mvua kubwa ya kwanza ikija, rudi na reki. Maji kuwa ya kahawia mwanzoni si tatizo. Yakiendelea kuwa hivyo siku inayofuata, panda nayo mpaka uone yanapoanza kuchafuka: utakuta ukingo unaomomonyoka, na huo ulaze zaidi kabla haujaangukia mtaroni.