Dhoruba katika tarbia ya mapenzi

Ndugu, umeuliza kwa nini tarbia yako (shairi la mishororo minne kila ubeti) inayofananisha ndoa iliyoyumba na dhoruba inapooza kufikia ubeti wa 3. Tatizo ni kwamba unaitaja dhoruba, kisha unaifafanua: "dhoruba ya maisha", "mawimbi ya huzuni". Ukishafafanua, msomaji hana la kutafuta. Ondoa hayo maneno ya maelezo, ubaki na chombo na viungo vyake: tanga, foromali (mti unaobeba tanga), usukani, amari (kamba ya nanga).

Chombo chaenda mrama, tanga limeshachanika,
Nahodha kashika tama, amari imekatika.

Kila kipande kina mizani (silabi) 8 (ile "m" ya mrama ni mizani kamili, wengi huiruka, mshororo ukapungua). Ndoa haikutajwa, lakini aliyeshika tama ni mtu, si bahari.

Chagua pia upepo kwa makusudi. Kusi, wa takriban Aprili hadi Septemba, huchafua bahari kwa miezi, basi unafaa dhiki ya muda mrefu. Tufani ni ya ghafla. Iweke kwenye wivu au ashiki. Na usichanganye: ubeti wa 3 umeleta moto na jangwa, picha ikavunjika hapo. Anza kurekebisha huo.