Kwa mnaoanza kusoma chumvi, homoni na shinikizo la damu

Karatasi ya kwanza ya majibu niliyopewa kuitolea maoni ilikuwa fupi: shinikizo la juu, na homoni mbili zinazohusika na chumvi mwilini: renini ya chini, aldosteroni ndani ya kiwango cha kawaida. Nikaandika kwamba aldosteroni haina shida. Msimamizi wangu akaisoma, akaniuliza swali moja tu: huyu mtu anakula chumvi kiasi gani? Sikujua. Wala haikuwa imenijia kwamba ni jambo la kuuliza.

Ninyi lianzeni swali hilo mapema. Homoni hizi hazisomeki peke yake, kwa sababu chumvi yenyewe ndiyo inayozipandisha na kuzishusha. Mtu akila chumvi kidogo, figo hutoa renini, renini huanzisha kutengenezwa kwa angiotensini, na angiotensini II huziamuru tezi zilizokaa juu ya figo zitoe aldosteroni, ili sodiamu isipotelee kwenye mkojo. Akila nyingi, mnyororo wote unatakiwa kulegea. Kwa hiyo aldosteroni "ya kawaida" kwa mtu aliyeshiba chumvi ni aldosteroni iliyogoma kushuka. Mkojo wa saa 24 wa mtu yule ulipopimwa ulikuwa na sodiamu milimoli 240, yaani kama gramu 14 za chumvi kwa siku. Ilibidi niyafute maoni yangu yote.

Hesabu yenyewe ni rahisi, lakini ndipo wageni wengi wanapojikwaa. Gramu 1 ya chumvi ina sodiamu milimoli 17 hivi. Sodiamu na chumvi si kitu kimoja: Shirika la Afya Duniani linaposema sodiamu iwe chini ya gramu 2 kwa siku, maana yake ni chumvi chini ya gramu 5. Katika kukusanya mkojo, ule wa kwanza wa asubuhi ya kuanzia humwagwa, na ule wa asubuhi ya pili huhifadhiwa. Mweleze mtu hilo mara mbili. Muulize na dawa pia, maana za kukojoza hupandisha renini na vizuizi vya beta, zile za kutuliza mapigo ya moyo, huishusha.

Sasa ubongo. Mimi nilifundishwa hadithi ya figo peke yake: chumvi huvuta maji, maji hujaza mishipa, shinikizo hupanda. Hadithi hiyo ina ushahidi mzito. Mtafiti Lewis Dahl alizalisha koo mbili za panya, moja ya wanaopanda shinikizo wakilishwa chumvi na nyingine ya wasiojali, na figo zilipohamishwa kati ya koo hizo, shinikizo lilielekea kuzifuata figo. Ukisomea hapo tu, utadhani kesi imefungwa.

Kilichonifungua macho ni eneo dogo kwenye ukuta wa mbele wa chemba ya tatu ya ubongo, mojawapo ya mapango yenye majimaji ndani yake. Sehemu kubwa ya ubongo imezungushiwa kizuizi kinachochuja kinachotoka kwenye damu. Hapo kuna vijisehemu visivyo na kizuizi hicho, kana kwamba ubongo umetoa ulimi nje kuonja sodiamu na angiotensini II. Vikionja, habari hupelekwa haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo inayoongoza homoni na maji ya mwili, ikashuka hadi shina la ubongo, kisha kwenye neva za simpathetiki, zile zinazokaza mishipa ya damu. Neva hizohizo huingia ndani ya figo, zikaifanya irudishe sodiamu zaidi. Panya walioharibiwa eneo hilo, kisha wakapewa chumvi pamoja na homoni inayofanana kazi na aldosteroni, shinikizo lao halikupanda kama la wenzao. Basi ule ubishi wa figo au ubongo, ambao mtaukuta na una raha yake, msiukalie sana. Hivyo viwili vimefungwa kwa waya mmoja.

Ubongo pia unaichafua zaidi ile karatasi ya majibu. Dozi ndogo ya aldosteroni ikitiwa moja kwa moja ndani ya ubongo wa panya hupandisha shinikizo, ilhali dozi ileile ikitiwa kwenye damu haifanyi kitu. Vivyo hivyo angiotensini: katika panya wenye shinikizo la chumvi, renini ya damu inaweza kuwa chini kabisa huku angiotensini ikiendelea kufanya kazi ubongoni. Sindano ya mkononi haionyeshi hayo. Ndiyo maana siku hizi nikiona "renini ya chini" siandiki kwamba mfumo umelala. Naandika kwamba renini ya damu iko chini, basi.

Jambo la mwisho, nanyi mtanishukuru mkianza kusoma majaribio: angalieni panya walilishwa nini. Chakula chenye chumvi asilimia 8 ni cha kawaida katika kazi za panya wa Dahl, na hakuna binadamu anayekula hivyo. Kwa binadamu athari ya chumvi kwenye shinikizo hupimwa kwa kumpa mtu siku kadhaa za chumvi nyingi na siku kadhaa za chumvi kidogo, kisha kulinganisha. Watu hawagawanyiki makundi mawili kama wale panya. Wametawanyika kwenye mstari mrefu, na pa kuukata kila mtafiti huchagua mwenyewe. Mkikuta mahali kumeandikwa "wenye kuathirika na chumvi", tafuteni kwanza walikatia wapi.