Ukimtafuta mkulima Mjerumani wa Pennsylvania, anza na majirani zake

Kila anayeniuliza kuhusu babu Mjerumani aliyehamia Marekani karne ya 18 huanza na swali lilelile: alikuja na meli gani? Namwelewa. Meli ina jina, ina tarehe, na inapendeza ikiandikwa juu ya mti wa ukoo. Lakini kwa mtu anayeanza, hakuna mahali pabaya kama melini.

Nimeolewa kwenye ukoo wa aina hiyo, hapahapa Pennsylvania. Wanangu walipoanza kuuliza upande wa baba yao ulitoka wapi, mama mkwe alinitazama mimi, kwa kuwa ndiye mwenye subira ya makaratasi nyumbani. (Upande wangu wa Musoma haukuwa na shida. Bibi aliwatajia vizazi kwa kichwa, wakaandika.) Huku kwa wakwe zangu kichwa hakikubakiwa na kitu zaidi ya jina la ukoo na neno "Lancaster". Jina lenyewe sitaliandika, nimeombwa hivyo, nalo halina umuhimu kwa ninayotaka kusema.

Nayo ni haya: usimkimbilie mtu, wakimbilie waliomzunguka. Wakulima hawa hawakusafiri peke yao wala hawakukaa peke yao. Walitoka vijiji jirani, wakapanda mashua za mto Rhine hadi Rotterdam, wakavuka bahari pamoja, wakachukua mashamba yanayopakana, wakabatiziana watoto na kutiliana sahihi za wosia. Mmoja akikupotea, aliyempakania atakurudisha kwake.

Nieleze kwanza kwa nini meli inadanganya. Mwaka 1727 serikali ya koloni iliingiwa na wasiwasi kwa wingi wa Wajerumani walioshuka Philadelphia, ikaamuru wanaume wageni wa miaka 16 kwenda juu waape kumtii mfalme wa Uingereza. Hapo ndipo zilipotoka orodha maarufu: ya nahodha, na za viapo. Wanawake na watoto kwa kawaida hawamo. Aliyefika kabla ya 1727 hayumo. Aliyeshukia New York mwaka 1710, pamoja na wale maelfu wa Palatinate, eneo la Ujerumani kando ya Rhine, waliopelekwa na Waingereza kuchemsha lami ya misonobari kando ya mto Hudson, naye hayumo. Huyo mtafute kwenye hesabu za chakula za gavana Robert Hunter. Na aliyemo, mara nyingi wamo watatu au wanne wenye jina lake. Utachagua yupi? Watu wengi humchagua yule ambaye mwaka wake unapendeza, kisha kosa hilo linanakiliwa kwenye intaneti mpaka linageuka ukweli.

Majina nayo yana vituko vyake. Nyumba moja ya Kijerumani ingeweza kuwa na Johann Georg, Johann Adam, Johann Peter na Johann Jacob, wote ndugu wa tumbo moja na wote wako hai. "Johann" lilikuwa la ubatizo tu; mtu aliitwa kwa jina la pili, na kwenye karatasi za shamba ndilo utakaloliona peke yake. Ila ukikuta "Johannes", huyo aliitwa Johannes kweli. Kwa wanawake, jina la ukoo huongezewa "-in" mwishoni: binti wa Müller anaandikwa Müllerin, naye si wa ukoo mwingine.

Halafu kuna karani Mwingereza. Aliandika alichosikia, na alichosikia kilikuwa Kijerumani cha kijijini ambacho B na P, D na T, G na K zinaingiliana. Ndiyo maana jenerali Pershing anatokana na Pfoerschin aliyefika 1749, na rais Hoover anatokana na Huber. Wengine walitafsiriwa kabisa, Zimmermann akawa Carpenter. Dawa yake ni kulitamka jina kwa sauti, ukaandika kila namna ambayo sikio geni lingelisikia, kisha ukatafuta zote. Mtu aliyekulia tulikokulia, ambako karani mmoja anaandika Magreth na mwingine Magareti kwa mtoto yuleyule, hahitaji kufundishwa sana.

Sasa ardhi. Hapa kaa muda mrefu, maana mkulima anaweza kukosa kwenye kila kitabu lakini shamba halikosi. Ardhi ya Pennsylvania ilikuwa mali ya familia ya Penn, wenye koloni, na kuipata kulikuwa na hatua: maombi, kisha waranti ya kuagiza shamba lipimwe, kisha upimaji wenyewe, mwisho hatimiliki. Tangu 1732 bei ilikuwa pauni 15 na shilingi 10 kwa ekari 100, pamoja na kodi ya nusu peni kwa ekari kila mwaka. Kwa mkulima aliyetoka kulipa nauli ya bahari hizo zilikuwa fedha nyingi. Basi wengi walikaa kwanza, wakalipa baadaye, na hatimiliki ikatoka kwa mtoto au hata kwa mjukuu. Kwa hiyo usichukue tarehe ya waranti ukasema ndiyo aliyofikia. Bonde la Tulpehocken ni mfano mzuri: Wajerumani kutoka New York walihamia pale 1723, ilhali familia ya Penn ilikuwa bado haijainunua ardhi hiyo kwa Walenape, wenyeji wake. Mzee wao Sassoonan alilalamika waziwazi mwaka 1728, na ununuzi ukafanyika 1732. Yaani kwa miaka tisa watu walilima, walizaa na kuzika bila karatasi hata moja ya shamba. Nawaambia wanangu habari hiyo pia, maana shamba la babu yao lilikuwa na wenyewe kabla yake.

Karatasi ya kupenda kuliko zote ni ramani ya mpimaji. Ni mchoro mdogo wa mistari iliyopinda, na kila pembe ina alama yake: mwaloni mweupe, mwaloni mweusi, rundo la mawe. Umbali umeandikwa kwa kipimo chao cha futi 16 na nusu. Chini imetajwa idadi ya ekari na nyongeza ya asilimia sita kwa ajili ya barabara. Lakini wewe angalia nje ya mistari. Kila upande mpimaji aliandika jina la jirani. Yanakili yote, hata yale yasiyosomeka vizuri. Kwetu jina moja la upande wa mashariki lilikuwa limekwaruzwa hivi kwamba nililiacha na alama ya kuuliza. Baadaye nilikutana nalo limeandikwa safi kwenye ubatizo wa mtoto wa shamba letu, mwenye jina akiwa baba wa ubatizo. Kumbe alikuwa kaka yake mke. Tangu hapo mke, ambaye karatasi zote zilimwita Anna Maria tu kana kwamba hakuzaliwa kwa watu, akawa na kwao.

Madaftari ya waranti na ramani hizo yapo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo, Harrisburg, na sehemu kubwa imewekwa mtandaoni bure. Jihadhari na jambo moja: mipaka ya kaunti ilikuwa inahama. Lancaster ilikatwa kutoka Chester mwaka 1729, York ikakatwa kutoka Lancaster 1749, Berks ikazaliwa 1752, Lebanon 1813. Shamba likikaa palepale, bila mtu kuhama hata hatua moja, karatasi zake zinaweza kuwa kwenye mahakama tatu. Kabla ya kuuliza "alihamia wapi", uliza mahali pale paliitwaje mwaka ule.

Ukitoka kwenye shamba nenda kanisani. Walutheri na Wakalvini waliandika ubatizo, na mara nyingi walijenga kanisa moja wakalitumia kwa zamu, kwa hiyo fungua vitabu vya pande zote mbili. Wachungaji walikuwa wachache. Kabla mchungaji Mlutheri Henry Melchior Muhlenberg hajafika 1742, na hata baada yake, mtu kama John Casper Stoever alizunguka na daftari lake mwenyewe kutoka nyumba hadi nyumba, mpaka bonde la Shenandoah kule Virginia. Ubatizo wa mtoto wako unaweza kuwa kwenye daftari la mchungaji, si la kanisa. Unapousoma, jina la mtoto ni nusu ya faida. Wazazi wa ubatizo ndio habari: shangazi, mjomba, jirani wa kijiji cha zamani, mtu waliyepanda naye meli. Watengenezee orodha yao, uilaze kando ya ile ya majirani wa ramani. Majina yanayojirudia ndiyo ukoo.

Kama babu alikuwa Mmennonite au Mwamish, ubatizo wa mtoto usiutafute, kwani wao hubatiza watu wazima. Hapo ardhi na wosia vinabeba mzigo wote. Wasomaji wangu wa Mara wanawajua: wamisionari walioanzisha kazi ya Kimennonite Shirati mwaka 1934, Elam Stauffer akiwa mmoja wao, walitumwa na makanisa ya Lancaster, yaani wajukuu wa wakulima hawahawa ninaowazungumzia. Mimi nilikua nikisikia majina yao ya ukoo. Kuyakuta kwenye ramani za karne ya 18 kulinichekesha.

Karatasi za uraia watu huzipita haraka, na si haki. Sheria ya Bunge la Uingereza ya 1740 ilimruhusu Mprotestanti mgeni kuwa raia akiwa amekaa koloni miaka saba, akiapa, na akileta ushahidi kwamba ameshiriki Meza ya Bwana karibuni. Wakulima walioitaka walikuwa wanafikiria watoto: mgeni hakuwa na uhakika wa kurithisha ardhi. Kwako faida ni hesabu. Toa miaka saba, na meli zote zilizofika baada ya hapo unaziweka kando.

Kuhusu tarehe nitasema kwa kifupi. Mpaka 1752 Waingereza walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, na kalenda yao ilikuwa nyuma ya hii tunayoitumia leo kwa siku 11. Ukikuta wosia umeandikwa Novemba 1741 ukathibitishwa Februari 1741, hakuna aliyekosea. Februari ile sisi tungeiita ya 1742. Mchungaji Mjerumani huenda alifuata kalenda mpya siku ileile karani akifuata ya zamani. Nakili kama ilivyo, tafsiri pembeni.

Wosia ndio unaokuonyesha nyumba yenyewe. Mkulima Mjerumani hakumwachia mjane maneno matamu, alimwachia masharti. Mwana atakayechukua shamba ampe mama chumba cha kuishi maisha yake yote, ng'ombe mmoja amlishe pamoja na wake, magunia kadhaa ya ngano kila mwaka tena iliyosagwa, kuni zilizopasuliwa zifikishwe mlangoni, safu ya miti ya matufaha, na kipande cha bustani kilichotiwa samadi. Mama mkwe aliposoma karatasi ya namna hiyo alisema, "Huyu mzee alimjua mtoto wake." Orodha ya mali nayo isome mpaka mwisho: jiko la chuma, mapipa, Biblia ya Kijerumani, na wadeni. Kama mtu alikufa bila wosia, mahakama ya yatima iliteua walezi wa watoto, na huenda mmoja wao ni ndugu wa mama. Angalia pia walioshuhudia. Utawakuta ni walewale wa kwenye ramani.

Sasa ndipo unarudi melini. Una majirani, wazazi wa ubatizo, mashahidi, na mwaka ambao hakuvuka baada yake. Chukua orodha za viapo zilizochapwa na Strassburger na Hinke mwaka 1934. Juzuu ya pili ni picha za sahihi zenyewe. Usitafute jina moja, tafuta meli yenye matatu au manne kati ya majina yako. Kisha linganisha sahihi ya kiapo na ya wosia: J inavyoanza, mkia wa z. Asiyejua kuandika aliweka alama, karani akamwandikia, naye huyo unamtambua kwa waliosimama naye.

Ukishaijua meli, kijiji kinaweza kujitokeza, maana katika wale majirani huenda yupo ambaye mtafutaji mwingine alishakipata kijiji chake. Vitabu vya kanisa vya Kiprotestanti vya Ujerumani vinapatikana kwa kulipia kwenye tovuti ya Archion. Vya Kikatoliki vingi viko bure kwenye tovuti ya Matricula. Anza na kijiji cha jirani huyo, kisha vinavyokizunguka. Usitarajie kwenda mbali sana: Palatinate iliteketezwa na jeshi la Ufaransa mwaka 1689, na kabla yake ilikuwa imepita Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoisha 1648, hivyo vitabu vingi huanza baada ya moto. Pia usishangae mchungaji akiandika kwamba bwana arusi ametoka Uswisi. Baada ya 1648 Waswisi wengi walihamia kwenye mashamba yaliyobaki bila watu, na "Mjerumani" wako akawa mtu wa Bern.

Kurrent, mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani, utakusumbua hata kama Kijerumani unakijua. Jifunze kusoma majina, miezi na maneno machache ya ubatizo, yatosha kukuonyesha ukurasa unaouhitaji. Ukurasa huo mmoja ndio umlipe anayejua mwandiko huo akusomee. Kabla ya kumlipa, mpe kwanza ukurasa ambao tayari unajua umeandikwa nini.