Waya za kasi mwilini: nimpe mchezaji wangu madhara gani?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni msimulizi wa mchezo wa mezani, ule wa dadu na wahusika. Tuko watano, twacheza Ijumaa baada ya isha hapa Lamu, barazani kwetu Mkomani. Kisa chetu kiko Lamu ya mwaka 2080, bandari imejaa roboti na watu wamejaa vipandikizi, yaani vyombo vya kutiwa mwilini. Mchezaji mmoja amemtia mhusika wake waya za kuongeza kasi ya rifleksi, yaani mwitikio wa mwili usiongoja akili, na tangu hapo kila pigano yeye ndiye wa kwanza, wenzake wabaki kutazama. Kitabu cha kanuni chamkata pointi, basi. Mwenzetu mmoja asema tumpe kutu kwa sababu ya hewa ya bahari. Mimi nataka madhara ambayo wewe ungeyaona ukiletewa mtu kama huyo. Angeumwa nini?

Jibu: Marahaba. Udaktari umenipa bure. Mimi ni mfiziotherapia hapa Malindi, kazi yangu misuli, viungo na neva. Lakini hukukosea mlango, maana rifleksi zilizopanda kupita kiasi nazishika kwa mikono yangu.

Kutu achaneni nayo. Vipandikizi vya kweli hufungwa ndani ya titani, na titani hata uiloweke Bahari Hindi haishiki kutu.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo vitabu vya michezo hupitia juu juu. Mtu akiona taa imewaka na kubonyeza kitufe, hutumia takriban milisekunde 200 hadi 250, yaani kama robo ya sekunde. Neva za mkono husafirisha ujumbe kwa mwendo wa karibu mita 60 kwa sekunde, na kutoka shingoni hadi vidoleni hapafiki mita moja. Yaani safari nzima ya mkono ni kama milisekunde 15. Zing'oe neva zote, weka waya, umeokoa hizo 15 tu. Muda uliobaki mwingi unaliwa na macho na ubongo: kilichoonekana ni nini, nifanye nini, misuli ipi itangulie. Ndiyo maana kwenye mbio fupi anayeondoka kabla ya milisekunde 100 kupita tangu bunduki ilie huhesabiwa ameiba mwanzo, hata awe Ferdinand Omanyala aliyemaliza mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka 2021. Sheria yachukulia kwamba huyo hakusikia mlio, alibahatisha.

Sasa kipandikizi kinachomfanya mtu awe wa kwanza kila mara kitaupata wapi huo muda? Kwenye uamuzi. Kinauruka. Mwili unatenda, mwenyewe anapelekewa habari baadaye.

Na hilo lina dawa yake mezani. Wachezaji wengine wape maelezo yote kabla hawajasema watafanya nini. Yeye akitaka kutangulia, atamke tendo lake kabla hujamaliza sentensi. "Mlango unafunguka, mtu ameinua mkono..." Hapo hapo aseme. Akisema anapiga, malizia: "...mkononi ana birika la kahawa, ni mtoto wa jirani." Mara mbili tu za hivyo, utaona anavyoanza kusita mwenyewe.

La pili ni breki. Wengi hudhani ubongo kazi yake ni kuamrisha tu, kumbe sehemu kubwa ya kazi yake juu ya rifleksi ni kuzizuia. Huku kwetu mgema huanguka mnazini, uti wa mgongo ukakatika. Wiki za kwanza miguu imelala kama nguo iliyoloa. Kisha rifleksi zarudi bila msimamizi. Nikimkunja wayo juu kwa ghafla nikaushikilia, mguu wanipigapiga kiganjani, mara tano au sita kwa sekunde, haukomi, na mwenyewe ananitazama usoni kujua kuna nini, kwa kuwa yeye hausikii. Shuka ikimteleza gotini, goti larukia kifuani.

Ukitaka picha kali zaidi, mtazame mgonjwa wa pepopunda. Sumu ya kile kidudu huziba ujumbe wa kuzuia, ule wa kuamrisha ukabaki peke yake. Mlango ukibamizwa, mwili mzima wakakamaa, mgongo wapinda kama upinde, na pingili zaweza kuvunjika kwa nguvu ya misuli yenyewe. Kwa hiyo mgonjwa huwekwa chumba cha kimya, chenye giza.

Basi mhusika wako mwadhibu wakati wa amani. Vitani ndipo anapofaidi, mwache afaidi. Usiku ndio wake wa taabu: hapati usingizi, na akilala hana mtu wa kulala naye kitanda kimoja. Hawezi kusimama kwenye foleni ya mashua pale gatini, bega la mtu likimgusa. Hawezi kumshika mtoto mchanga. Na nyinyi mko Lamu, mji wa punda! Kila kilio ni dadu moja ya kujizuia.

La tatu ni kano, ule ukamba unaounga misuli na mfupa. Misuli iliyoamrishwa ghafla kwa nguvu zote huvuta kuliko kano inavyostahimili, hasa ya kisigino, na ikikatika ni miezi kabla ya kukimbia tena. Cyberpunk RED, mchezo wa mezani wa mwaka 2020, umelikaribia jambo hili: kile kipandikizi kiitwacho Sandevistan hukupa dakika moja ya kasi, kisha lazima kipumzike saa nzima. Huko kinachopumzika ni chombo. Ningekuwa mimi ningehesabu miguu: asiye na miguu ya chuma akitumia kasi mara ya tatu kwa siku moja, arushe dadu ya kisigino.

Mambo ya kawaida ya upasuaji usiyasahau, ingawa hayana msisimko: usaha penye kidonda, betri kuisha, waya kukatika pale shingo inapojikunja. Wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, waliowekewa waya za umeme ubongoni hupatwa na hayo, na baadhi yao hugeuka wepesi wa kufanya jambo bila kufikiri.

Kuhusu pointi, nina neno. Kwenye Shadowrun, mchezo mwingine wa mezani uliotoka 1989, mtu huanza na pointi 6 za utu wake, ziitwazo Essence, na waya za kasi za daraja la tatu peke yake zamla 5. Kama kanuni ya kuzuia tamaa, sawa. Ila mezani kwenu msiigeuze ikawa mtu anapungukiwa utu kwa sababu ya chuma. Nimewafundisha watu kutembea kwa miguu ya bandia, na sijaona aliyerudi nyumbani akiwa mtu pungufu. Anachokosa mhusika wako ni nafasi ya kufikiri kabla mkono haujaenda, na hicho usimkatie pointi, mfanye akicheze.

Ijumaa ijayo usimwonye. Anza kikao kwa utulivu, mpe mhusika wake kikombe cha kahawa ya moto, mketishe karibu na mzee anayemheshimu. Kisha punda alie.